Kamera Iliyoachwa na Wengine: Historia Fupi ya Chombo Tunachokishika



Mwezi uliopita tuliandika juu ya redio, namna wazee wetu walivyokuwa wanakaa karibu nayo kusikiliza habari za vita. Baada ya pale wengi mlituomba tuandike juu ya zile kamera mbili ambazo mnatuona nazo kila Jumamosi. Wengine mnauliza tulizitoa wapi. Wengine mnacheka: "Mnahangaika nini na chuma cha zamani, na simu iko mfukoni?" Na mama mmoja, jirani yetu, alituuliza swali lililotushinda siku ile: "Watoto yangu, hizi picha zetu munapelekaka wapi?"

Leo tunajibu maswali yote matatu. La mama ndilo gumu, kwa sababu lina historia ndefu ndani yake. Tuvumiliane.

KAMERA ZENYEWE

Ya kwanza ni Nikon D40. Tuliinunua Kampala kwenye duka la vitu vilivyotumika, shilingi 230,000 pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-55. Tulikuwa watu 11, tukachanga kwa miezi mitatu. Kuna aliyetoa 40,000 na kuna aliyetoa 5,000 aliyoipata kwa kuuza nyanya. Wote ni wenye kamera sawa, hilo tulikubaliana mapema ili ugomvi usije baadaye.

Wawili wetu walipanda basi la usiku. Muuzaji alianza na 300,000. Sisi tulikuwa tumesoma kabla ya kwenda, tukajua mambo ya kuangalia. Tulipiga picha ya ukuta mweupe tuone kama kihisi cha mwanga kina madoa. Tulielekeza lenzi kwenye taa tukatafuta kuvu, ile inayotambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui. Tulifungua mlango wa betri tukaangalia kutu. Tukapiga picha 20 mfululizo tusikie kama shata inalia sawasawa. Ilikuwa nzima. Tulichokuta ni mpira wa kushikia umebanduka upande mmoja na kifuniko cha lenzi kimepotea. Ni hayo mawili yaliyotushushia bei.

Ya pili ni Canon EOS 300D. Hii tulipewa na mfanyakazi wa shirika aliyekuwa anamaliza mkataba wake. Alisema ilikaa kabatini kwao miaka mingi, hakuna anayeigusa. Tukaishukuru. Halafu tukagundua inatumia zile kadi pana za kizamani zenye matundu madogo madogo, ambazo dukani hapa hakuna anayezijua. Tulitafuta kadi wiki sita.

Kuna kitu hatukuwahi kuwaambia. Kadi ya D40 tuliikuta ndani ya kamera, na ilikuwa na picha 14. Keki yenye mishumaa. Mbwa amelala kwenye zulia. Mtoto amevaa kofia ya sufi, amesimama katika theluji, pua nyekundu. Watu wa nchi ya baridi ambao hatutawajua kamwe. Wengine wetu walitaka tuziweke kwenye ukurasa wetu, watu wacheke kidogo. Kaka mmoja akauliza: "Na kama ni mama yako ndiye yuko mule?" Kimya. Tukazifuta. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ilizaliwa kabla hatujapiga hata picha yetu ya kwanza: picha ya mtu haizunguki kama mwenyewe hajakubali.

NANI ALIKUWA ANASHIKA KAMERA

Sasa turudi nyuma, tuanze na Kongo, nchi ambayo wengi wetu tulitoka.

Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, wa Wala. Nsala amekaa barazani. Mbele yake kuna mkono mdogo na mguu mdogo. Ni vya binti yake, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira wakati Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II. Picha ile na nyingine za namna ile zilioneshwa kwenye kumbi na makanisa huko Uingereza na Marekani. Watu wa mbali walipoona kwa macho, kelele zikawa nyingi, na mwaka 1908 Leopold aliondolewa Kongo mkononi, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Picha ile ilifanya kazi kubwa, hatuibezi. Lakini tulipoijadili kwenye kundi, dada mmoja alisema neno ambalo bado linatukaa kichwani: "Nsala angekuwa na kamera yake mwenyewe, angempiga Boali akiwa hai." Ni kweli. Ila mwaka 1904 kamera ilikuwa sanduku, vioo na dawa za kemikali. Baba wa kijijini angeipata wapi? Sura ya Boali hatunayo. Tunayo ile tu ambayo mgeni aliweza kuipiga alipofika, na alifika kumeshaharibika.

Pita miaka 46 mbele. Mwaka 1950, kijana mmoja aliyezaliwa Angola, Jean Depara, alinunua kamera ndogo ya Adox kwa ajili ya harusi yake. Hakuwa mtu wa studio. Alikuwa fundi wa baiskeli, redio na saa. Baadaye akawa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, na usiku alizunguka na kamera yake kwenye mabaa akipiga vijana waliovaa vizuri, wacheza dansi, wanamuziki. Franco mwenyewe alimchukua kuwa mpiga picha wake. Ukiona picha za Depara unaona Wakongo wanaotazama kamera bila woga, kwa sababu anayewapiga ni mwenzao wa mtaani.

Kati ya Nsala na Depara ni nini kilibadilika? Mambo mengi, lakini moja ni bei. Kamera ilishuka mpaka fundi baiskeli akaweza kuinunua. Kila ilipozidi kushuka, mtu mwingine alipata nafasi ya kujipiga mwenyewe jinsi anavyotaka kuonekana. Wazazi wetu nao wakapata yao: studio za mjini, pazia lenye maua au ndege limechorwa nyuma, baba kasimama, mama kakaa, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Nyumba nyingi zilikuwa na albamu.

Halafu vita. Ukikimbia usiku, unabeba mtoto, sufuria, labda vyeti. Albamu inabaki. Tulipouliza kwenye kundi letu la watu 11, ni wawili tu wenye picha ya utoto wao, na mmoja kati yao ni picha iliyokatwa kwenye kona ya picha ya mtu mwingine.

Ukanda wetu umeona pia picha ikirudisha watu. Baada ya 1994, kambini na ndani ya Rwanda, mashirika yalipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi, wakazibandika kwenye mbao ili ndugu wapite waangalie na wawatambue. Mtoto mdogo hajui jina la baba yake la pili wala la wilaya, lakini sura yake mama haisahau. Na mwaka 2000, kwenye kituo cha yatima cha Imbabazi huko huko Rwanda, Mmarekani David Jiranek alianza mradi ambao watoto wenyewe walipewa kamera za kutumia mara moja na kutupa. Wakapiga wenzao, bustani, michezo.

KAMERA ISIYO NA FILAMU

Sasa tuje kwenye hizi zetu. Historia yake si ndefu sana, yote iko ndani ya maisha ya mzee mmoja.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni chombo kiitwacho CCD. Kwa maneno rahisi, ni kipande cha silikoni chenye visima vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Mwanga ukiingia, kila kisima kinakusanya chaji ya umeme. Mwanga mwingi, chaji nyingi. Halafu mashine inapima kisima kimoja kimoja na kuandika namba. Namba hizo ndizo picha. Mwaka 2009 wazee hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. D40 yetu ina CCD ndani yake, mjukuu wa kile cha 1969.

Mwaka 1975, mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, kijana wa miaka 25, alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali ya kushika mkononi. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti, kaseti ile ile ya muziki. Aliitazama kwenye televisheni. Kodak walikuwa wanauza filamu, hawakuona haraka ya kuuza kitu kisichotumia filamu. Mwaka 2012 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Kuna somo pale, lakini tuendelee.

Mwanzoni kamera hizi zilikuwa za matajiri wa habari. Mwaka 1991 Kodak waliuza mfumo wa DCS, uliojengwa juu ya kamera ya Nikon, kwa karibu dola 20,000. Mwandishi alibeba kamera shingoni na sanduku la kuhifadhi picha begani. Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, megapikseli 2.7, dola zaidi ya 5,000. Mwaka 2003 Canon wakatoa EOS 300D, megapikseli 6.3, chini ya dola 1,000, na hapo ndipo watu wa kawaida wa nchi tajiri walianza kununua kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi. Ndiyo hiyo ya pili tuliyo nayo. Mwishoni mwa 2006 ikatangazwa D40, dola 599 pamoja na lenzi.

Halafu simu zikala kila kitu. iPhone ilitoka 2007, na miaka iliyofuata simu zikawa na kamera nzuri zaidi na zaidi. Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilisafirisha kamera za kidijitali karibu milioni 121 duniani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Hebu fikirini kamera zote zile za katikati zilikwenda wapi. Nyingi hazikuharibika. Shata bado inafunguka, kioo bado kisafi. Watu ndio waliozichoka. Zikaingia kabatini, kutoka kabatini zikaingia kwenye maboksi ya kuuza, na baadhi zikavuka bahari mpaka kwenye meza ya muuzaji wetu wa Kampala, katikati ya pasi na redio.

Kumbe kamera iliyokuwa bei ya mshahara wa mtu Ulaya, leo watu 11 wa kambini wanaweza kuichangia. Bei imeshuka tena. Na kila iliposhuka, kama tulivyoona, mtu mwingine alipata nafasi. Zamu hii ni yetu.

KWA NINI SI SIMU TU?

Simu tunazipenda, tunazitumia kila siku. Lakini simu zetu nyingi ni zile za bei ndogo. Kioo cha kamera kimekwaruzika, na ukikuza picha sura inakuwa kama imepakwa uji. Megapikseli 6 za D40 zinaonekana chache, lakini zinatosha kusafisha picha ya ukubwa wa A4 ikatoka safi. Faili lake ni dogo pia, kulituma hakumalizi bando.

Ila sababu ya kweli ni raha. Tuseme ukweli, tunafurahia.

Kamera ya zamani inakufundisha kungoja. Skrini yake ni ndogo, haioneshi picha kabla hujapiga. Unaweka jicho kwenye tundu, unaona ulimwengu kupitia kioo, unasikia "klap!" ndipo unajua. Saa kumi na moja jioni tunashuka kando ya Ziwa Nakivale. Wavuvi wanavuta mitumbwi, ng'ombe wenye pembe ndefu wa majirani zetu Wanyankole wanakunywa maji, jua linapita chini chini na kila kitu kinakuwa rangi ya asali. Tunapiga mpaka giza. Njiani kurudi tunagombana picha ya nani ni nzuri, na anayeshindwa anabeba begi.

Na lenzi! Hapa ndipo wengi wetu tulipagawa. Nikon walianza mdomo wao wa kufungia lenzi, unaoitwa F, mwaka 1959. D40 ya 2006 bado ina mdomo ule ule. Yaani lenzi iliyotengenezwa wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa wanaanza kupokelewa hapa hapa Nakivale, inaweza kufungwa leo kwenye kamera yetu na ikapiga picha. Tulipata moja ya milimita 50, ya chuma tupu, nzito kama jiwe, shilingi 60,000. Kwa D40 haina fokasi ya yenyewe na kamera haiipimii mwanga. Unazungusha kwa mkono, unakisia. Tulitumia kanuni ya wapiga picha wa filamu: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi kwenye 16, na kasi ya shata iwe sawa na namba ya ISO. ISO 200, basi kasi ni karibu 1/200. Ukitaka nyuma ya mtu pawe na ukungu zaidi kidogo, fungua tundu mpaka 8 na upandishe kasi mpaka 1/800. Mwanga unaoingia ni karibu ule ule. Wiki ya kwanza picha zilikuwa nyeusi au nyeupe tupu. Wiki ya tatu mdogo wetu wa miaka 16 alikuwa anakisia mwanga kwa kutazama kivuli chake tu.

Kuna jambo moja la historia ambalo kila anayepiga watu weusi alijue. Enzi za filamu, maabara zilipanga rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Waliiita kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu, ndiyo maana picha nyingi za zamani za watu weusi zimetoka kama kivuli chenye meno. Kamera za kidijitali nazo, ukimweka mtu mweusi mbele ya mbingu nyeupe, zinapima mbingu na kumsahau mtu. Usikubali. Msogeze chini ya mwembe au kwenye baraza, mwanga umpige kwa upande. Au iambie kamera iongeze mwanga hatua moja. Sura inatokea, na macho yanatokea.

SIKU TULIYOPOTEZA WATU

Sasa turudi kwa yule mama.

Alipotuuliza picha zinakwenda wapi, tulijibu haraka haraka: "Mama, ni zetu sisi, ni za kumbukumbu." Akatutazama. Akasema kwa miaka yote aliyokaa hapa amepigwa picha mara nyingi na wageni. Wanakuja, wanapiga, wanaondoka. Hajawahi kuona hata moja. Picha pekee aliyonayo ni ile ndogo iliyo kwenye karatasi ya familia, ile atestesheni tunayoonesha siku ya kuhakikiwa. Uso umekakamaa, kama mtu anayesubiri hukumu.

Tukamwuliza kama angependa tumpige. Akasema arudi kwanza ndani. Alitoka baada ya nusu saa amevaa kitenge cha njano na kilemba, mafuta mikononi. "Mimi sitaki ile ya kulia," akasema. "Munipige kama mutu ako na nyumba." Tulimpiga na ile lenzi ya zamani, mlangoni pake, kuku wake mmoja amepita nyuma. Picha 23. Alicheka kwenye mbili.

Siku hiyo hiyo tulipiga familia nyingine sita, pamoja na moja iliyokuwa inaondoka wiki ile kwenda kuishi Marekani, wamejipanga mbele ya nyumba ambayo wangeiacha.

Usiku tulikwenda kuchaji betri kwa jirani mwenye sola. Kadi ilikuwa ile ile ya zamani, ile iliyokuja na mbwa na keki. Tuliichomeka kwenye kompyuta, ikasema kadi haisomeki, inataka kufomatiwa. Mmoja wetu, kwa haraka, akabonyeza ndiyo. Halafu tukaendelea kuitumia asubuhi yake bila kuelewa. Tulipopata mtu anayejua kurudisha mafaili, akaturudishia vipande tu: nusu ya ukuta, mguu wa kuku, bega la njano.

Haikuwa kosa la kamera. Tuliamini kadi ambayo hatukujua umri wake, hatukuwa na nakala, na tulibonyeza kitu bila kusoma.

Ile familia ilikuwa imeshaondoka. Hatukuweza kuwapiga tena mbele ya nyumba ile, na leo wanaishi wengine mule. Kwa mama tulikwenda watatu, tukakaa kwenye mkeka, tukamweleza. Hakutukasirikia. Alisema tu: "Basi na nyinyi mumenipoteza." Wandugu, tulitamani atutukane.

Wiki mbili tulikaa bila kugusa kamera. Kuna waliosema tuziuze. Kuna waliosema kazi hii ni ya watu wenye vifaa, sisi tutaendelea kuwaumiza watu. Mwisho mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu Fizi, alituambia kitu rahisi: mwandishi akipoteza daftari ananunua daftari lingine na anajifunza kuliweka mahali pakavu.

NAMNA TUNAVYOFANYA SASA

Tulirudi kwa mama na kadi mpya. Alitungojesha mwezi mzima kabla ya kukubali, na ana haki. Safari hii tulinakili picha kabla ya kutoka mlangoni pake. Wiki iliyofuata mmoja wetu alikwenda Mbarara kusafisha, tukampelekea mbili. Moja ameiweka ukutani juu ya kitanda. Nyingine aliiomba kwa ajili ya binti yake aliye kambi nyingine, ambaye hajamwona tangu njia ilipowatenganisha. Tuliituma pia kwa simu. Binti alijibu kwa sauti, dakika nzima, na sehemu kubwa ya ile dakika hakuna neno.

Kwa wanaotaka kuanza, na kwa wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma, haya ndiyo tunayoyafuata:

Tunaomba ruhusa kabla ya kuinua kamera, siyo baada. Mtoto hapigwi kama mzazi hayupo. Mtu akisema hapana, hatuulizi sababu. Wengine wana watu wanaowatafuta.

Kila anayepigwa anaoneshwa picha zake, na anachagua ipi ibaki na ipi ifutwe. Jina lake na mwaka tunauandika kwenye daftari kama anakubali. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 30, itakuwa kama zile picha 14 tulizozikuta: watu bila jina kwenye kadi ya mgeni.

Nakala ni tatu: kompyuta ya kundi, diski ndogo inayokaa nyumba nyingine, na ya mwenyewe kwenye simu au karatasi. Kadi haifomatiwi mpaka watu wawili wamehakikisha.

Lenzi tunazihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, na mchele mkavu kwenye kitambaa. Msimu wa mvua unaleta kuvu, msimu wa jua unaleta vumbi. Hatubadilishi lenzi upepo ukivuma.

Na wewe uliye Ulaya au Marekani, kabla hujatuma kamera yako ya kabatini kwa kundi lolote kama letu: weka chaja, weka kadi yake, na tafadhali futa picha za mama yako.

JIBU LA MAMA

"Hizi picha zetu munapelekaka wapi?"

Mama, leo tuna jibu. Haziendi mbali. Moja iko ukutani kwako, moja iko kwa binti yako, moja iko kwenye sanduku la kundi na jina lako limeandikwa kama ulivyotuambia tuliandike. Siku mtu akitaka kujua watu wa Nakivale waliishije miaka hii, atakuta ripoti nyingi na picha nyingi zilizopigwa na waliokuja na kuondoka. Atakuta pia wewe, kitenge cha njano, mlangoni pako, unacheka, na kuku amepita.

Jumamosi hii tunakaa kwenye kanisa la zamani kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye picha yoyote aliyookoa wakati wa kukimbia, hata kama imechanika, aje nayo. Tutaipiga picha hapo hapo mbele yake, tutamrudishia yake mkononi, na tutamwandikia majina ya waliomo. Kamera zitakuwa zimechajiwa. Atakayechelewa atabeba begi.